Mama Saizi na Sidiria za Huzuni

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Saizi aliuza sidiria za mitumba kwenye meza ileile, kati ya muuza soksi na ngazi inayopanda kwenda kwa wauza mashuka. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ameshika futi ya kupimia. Mwanamke akisimama mbele yake, kajitanda mtandio, kavaa koti, kabeba na mtoto juu yake, yeye alimtupia jicho moja tu na kusema, "Thelathini na nane, kikombe kikubwa, na bega lako la kushoto limeshuka. Hiyo kamba ikaze." Ikawa hivyohivyo. Waliozoea kudanganywa na maduka ya vioo waliondoka pale wameumbuka kidogo lakini kifua kimekaa mahali pake.

Mtu mwenye kipaji cha namna hiyo hakosi ugonjwa wake, na ugonjwa wa Mama Saizi ulikuwa dharau. Alimdharau muuza soksi, maana soksi kwa maoni yake hazina elimu: mguu ni mguu. Aliwadharau wanaume waliokuja kuwanunulia wake zao huku wakikunja viganja hewani, utadhani wananunua machungwa. Lakini hao walikuwa wapita njia. Dharau yake kubwa aliiweka nyumbani, kwa mumewe, fundi wa lifti mstaafu, ambaye tangu akabidhi bisibisi zake kazini hakuwa na shughuli nyingine isipokuwa kukaa na redio na kumfundisha mkewe namna ya kuendesha biashara ambayo yeye hajaikanyagia mguu.

"Ungezipanga kwa rangi," mzee alisema kila asubuhi.

"Na wewe ungejipanga kwa umri," alijibiwa kila asubuhi, "ungekuta uko mwisho kabisa."

Basi, siku moja akatokea Skafu.

Huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba kama mpini wa ufagio, na shingoni ana skafu hata jua likiwa la kupasua utosi. Hakutazama zilizoning'inia juu. Aliinama chini ya meza, kwenye gunia la mabovu: zilizochomoza waya, zilizolegea lastiki, zilizoliwa na panya kikombe kimoja na cha pili kikasazwa.

"Mama, hizi unauza?"

"Hizo ni takataka."

"Ndizo ninazotaka."

Mama Saizi alimkagua kuanzia skafu hadi viatu. "Unajazia mito?"

"Hapana. Mimi ni msanii."

"Ahaa," alisema Mama Saizi, kwa sauti ile ya mtu aliyeambiwa mtoto wa jirani amefeli tena.

Akamtajia bei ya kipuuzi, ili wapate pa kuanzia kubishana. Kijana akalipa palepale. Hapo ndipo Mama Saizi alipomtoa kabisa kwenye orodha ya watu wazima. Kwake, asiyejua kubishana bei alikuwa sawa na asiyejua kufunga kamba za viatu.

Tangu hapo Skafu akawa anakuja kila mwezi. Alikuwa akifunga gunia polepole huku akiuliza maswali, na Mama Saizi, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimjibu. Sidiria hizi zinatoka wapi? Kwenye belo, robota la mitumba. Belo linatoka wapi? Melini. Waliozivaa ni akina nani? "Mimi nitajuaje? Wanawake wenye vifua." Kisha siku moja akauliza, kwa upole kama daktari:

"Na mzee yupo?"

"Mzee gani? Yule nilishamzika zamani. Imebaki redio tu inaongea."

Muuza soksi alicheka mpaka akashikilia meza. Mama Saizi alipoona utani umepokelewa, akauongezea maji: "Alikuwa fundi wa lifti. Kapanda na kushuka maisha yake yote, na hakufika popote."

Skafu hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, akatoa kijitabu mfukoni, akaandika. Mama Saizi alidhani labda ndiyo kwanza anajifunza kuandika.

Baada ya miezi minane ikaja kadi ya mwaliko. Maonyesho: mavazi ya sanaa yaliyotengenezwa kwa sidiria na koseti, ufunguzi Jumamosi saa tisa alasiri. Muuza soksi akaipokea, akaigeuza huku na huku.

"Koseti ndiyo nini?"

"Ni ule mshipi mpana wa kubana mbavu kwa kamba, ili mwanamke awe na kiuno asichokuwa nacho," alisema Mama Saizi. "Wenzetu walivaa zamani wakawa wanazimia. Wewe kauze soksi."

Alikwenda amevaa gauni lake la harusi za watu. Ukumbi ulikuwa ghala la saruji la zamani lililopakwa chokaa nyeupe ndani, na ukikohoa bado ulisikia ladha ya vumbi. Sanamu za dukani zisizo na vichwa zilipangwa kwa safu, kila moja imevaa kitu chake na imewekewa taa yake. Watu walizunguka na glasi mkononi, wakinong'ona kama wako wodini.

Ya kwanza ilikuwa sidiria ya bluu ambayo vikombe vyake vilikuwa machujio mawili ya chai. Ya pili ilikuwa sidiria iliyoshonewa brashi za meno, nywele zote zikitazama ndani. Mama Saizi alijikuna bila kukusudia. Kulikuwa na koseti ya mpira wa baiskeli iliyokazwa kwa spoku, na nyingine ya debe la rangi, bati tupu, imetobolewa mgongoni matundu kumi na sita na kupitishwa kamba za viatu vya kiaskari. Kulikuwa pia na koseti ya picha za eksirei, mbavu za wagonjwa zikimeta juu ya mbavu za sanamu. Hii alisimama nayo kidogo. Aliipitisha kidole ubavuni, akaona mshono umefuata mwili kama ulivyotakiwa. Huyu mjinga ana mkono, aliwaza, na wazo hilo likamuudhi kuliko upuuzi wote uliotangulia.

Kisha akaanza kusoma vibao.

Kila vazi lilikuwa na kibao chake ukutani. Mbele ya machujio ya chai alisimama mwanamke mwenye miwani mikubwa, machozi yanamchuruzika. Mama Saizi alishtuka.

"Dada, umepatwa na nini?"

Mwanamke akanyoosha kidole. Kibao kilisema: *Aliyevaa sidiria hii alinyweshwa uchungu na mama mkwe wake kwa miaka kumi na tisa. Alipofariki, birika lilikuwa bado la moto.*

"Nani kasema?" aliuliza Mama Saizi.

"Ni yeye. Ni maisha yake."

"Maisha ya nani? Hii nimeitoa mimi kwenye belo wakati wa masika!" Hakujua kuwa sauti yake ya sokoni, ndani ya ghala lile, inarudi mara mbili. Vichwa viligeuka. "Njoo utazame. Ona kulabu: mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna hata mmoja wenye mkwaruzo. Hapa kwenye lebo kuna tundu la kile kiplastiki cha bei. Hii haijavaliwa hata siku moja! Mtu ateseke miaka kumi na tisa asihamishe kulabu? Hanenepi? Hakondi?"

Mtu mmoja akacheka. Mama Saizi, ambaye kicheko cha mteja kwake kilikuwa kama petroli, akahamia kwenye brashi za meno.

"Na hii wameandika nini? *Mama wa watoto saba aliyesahau kutabasamu.* Jamani! Hii ni saizi ya msichana wa darasa la saba. Hao watoto saba aliwanyonyesha kwa wapi? Na hii ya mifupa, eti *bibi harusi aliyekimbiwa*. Bibi harusi yupi? Hiki alichoshonea ndani ni mshipi wa mgongo wa mwanamume mwenye kitambi! Tazama ulivyochoka mbele. Kama kuna aliyekimbiwa, kakimbiwa yeye."

Ukumbi ulilipuka. Alikuwa amejiandaa kushikwa mkono na kutolewa nje. Badala yake walianza kupiga makofi, yule mwenye miwani akipiga kuliko wote huku mashavu yake bado hayajakauka. Mama Saizi aliwatazama. Dakika mbili zilizopita walikuwa wanamlilia mtu asiyekuwepo, sasa wanacheka kwa kuambiwa hakuwepo, na yote mawili yamewafurahisha sawasawa. Kuku wana msimamo kuliko hawa, aliwaza. Lakini makofi ni makofi. Hakuwa amepigiwa tangu siku ya ndoa yake, na yaliingia mwilini kama chai ya tangawizi.

Skafu alimjia macho yanawaka. "Mama! Jumamosi ijayo urudi. Useme hivyohivyo."

"Nirudie? Mimi ni kanda?"

"Nitakuwekea jukwaa."

"Jukwaa la nini? Mimi sina haja," alisema Mama Saizi, na kila aliyemjua angeelewa kuwa anakuja.

Nyumbani, ghorofa ya nne, alimsimulia mumewe huku anavua viatu. Mzee alipunguza redio, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata nchi ilipobadili serikali.

"Walikupigia makofi?"

"Walinipigia."

"Kwa kusema?"

"Kwa kusema."

Mzee alifikiri. "Mimi nakusikia ukisema miaka thelathini na nne, sikujua kwamba ni kipaji."

Mama Saizi alidhani ni kejeli, akamjibu kejeli. Hakuona kwamba mzee hakuirudisha redio juu usiku ule. Wala hakuona, Jumamosi iliyofuata, alipokuwa anahangaika na zipu ya gauni, kwamba mumewe ametoa shati lake jeupe kabatini na anatafuta pasi.

Jukwaa lilikuwa tayari: ubao wa kusimamia, kamba nyekundu pande zote, na sidiria zake zimepangwa mbele kama mezani kwake. Skafu alimsimamisha hapo, mgongo ukutani, akamrekebisha kola kidogo. Mama Saizi akaanza. Alisema ya machujio, akasema ya brashi. Watu walicheka, lakini si kama mara ya kwanza. Walicheka kwa adabu, kama wanavyocheka watu msibani mtu akikumbushia kituko cha marehemu. Mwanamke mmoja alivuka kamba akamshika mkono.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini?"

"Una moyo wa ajabu," alisema mwanamke, akaondoka akijipangusa.

Mama Saizi alikodoa macho. Hapo ndipo alipomwona mumewe mlangoni, shati limenyooka kama karatasi, mikono nyuma. Mzee hakumpungia. Alianza na kibao cha kwanza kabisa karibu na mlango, akakisoma chote, akaenda cha pili. Ndivyo alivyozoea kusoma maelekezo ya mitambo: hakuna kuruka mstari. Polepole akazunguka ukumbi mpaka akafika jukwaani, akainua kichwa kutazama juu ya kichwa cha mkewe, ambako kulikuwa na kibao kikubwa kuliko vyote. Akakisoma kwa sauti, akitumia kidole:

"*Mjane wa Sidiria. Mumewe, fundi wa lifti, alitumbukia katika shimo la lifti aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo mama huyu hajapanda ghorofa. Sasa anauza sidiria za wanawake waliovunjika moyo, akitafuta saizi ya huzuni yake.*"

Mzee alirudia mstari wa pili peke yake, midomo ikitikisika. Kisha akamgeukia Skafu.

"Nimekufa lini?"

Watu wakasogea karibu.

"Nauliza tu," alisema mzee. "Na kufa si neno, kila mtu atakufa. Lakini kutumbukia? Ndani ya shimo langu mwenyewe? Kijana, nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Sijaangusha mtu. Sijaangusha hata spana! Unajua mtu wa lifti akisikia hivi atasemaje? Atasema sikufunga mlango wa chini!"

"Mzee, shikamoo," alisema Skafu, akicheka kidogo. "Hii ni sanaa. Hukukusudiwa wewe."

"Kuna fundi mwingine wa lifti aliyemwoa huyu?"

Skafu alitazama kushoto na kulia, akaona macho yote yako kwake, na kama watu wote wa aina yake akaona ni heri aungue mwingine. "Mama mwenyewe ndiye aliyesema. Alisema alishakuzika zamani. Alisema ulipanda na kushuka maisha yako yote na hukufika popote. Niliandika siku ileile, kijitabu ninacho."

Mzee akamgeukia mkewe. Hakuwa amekasirika; hasira ingekuwa nafuu.

"Ulisema hivyo?"

Mama Saizi aliitazama ile kamba nyekundu.

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya muuza soksi."

"Muuza soksi ni mtu," alisema mzee.

Aliyasema hayo taratibu, akarudisha mikono nyuma, akasimama pale na shati lake alilolipiga pasi mwenyewe, likiwa na mkunjo mmoja wa pasi uliokwenda upande kwenye mkono wa kulia. Mama Saizi aliuona ule mkunjo. Aibu ilimpanda, na kwa kuwa hakuwahi kufundishwa kazi ya aibu, aliifanyia kazi aliyoijua. Aliruka kamba nyekundu, akaenda moja kwa moja kwenye sanamu ya nne na kuivua ile koseti ya debe la rangi. Bati lililia.

"Njoo hapa," alimwambia Skafu.

"Mama?"

"Njoo nikuvalishe. Si sanaa? Au wewe unaishona tu ivaliwe na wafu?"

Watu wakapiga makofi. Skafu alisikia makofi, akafungua mikono kama mtu anayekaribisha wageni, akasogea. Mama Saizi akamzungushia bati kifuani, akamgeuza kama mtoto wa kunyolewa, akaanza na kamba. Tundu la kwanza. La pili. Goti lake alilipeleka mgongoni kwa Skafu, kama afungavyo belo.

"Kifua chako thelathini na nne, na hapo nimekukopesha," alisema. Akavuta. "Nilikujua siku ulipolipa bila kubishana. Sasa, mabibi na mabwana, mlizoea kusomewa, nami niwasomee. Huyu hapa ni msanii. Alikuja sokoni kwangu miezi minane kununua vitu, akaiba maneno." Akavuta. "Hakumuuliza mwanamke hata mmoja anaumwa wapi. Aliona kutunga ni rahisi, maana ukiuliza utajibiwa, na ukijibiwa itabidi ukae usikilize." Akavuta tena, mikono miwili. "Mnaolilia machujio ya chai, mama zenu mmewapigia simu lini?"

"Mama," alisema Skafu. "Mama, inatosha."

"Haijafika tundu la kumi. Wewe ndiye uliyetoboa kumi na sita. Sema huyu mzee ni nani."

"Ni... mumeo."

"Sikukusikia, na nyuma kule hawajasikia. Yuko hai au amekufa?"

"Yuko hai."

"Alitumbukia?"

"Hakutumbukia!" alipiga kelele Skafu, kwa pumzi yake ya mwisho, uso umekuwa rangi ya bilinganya. "Hakutumbukia! Hakuangusha hata spana!"

Ghala zima lilisimama. Walipiga makofi, wakapiga miluzi, wengine wakapiga miguu chini mpaka vumbi la saruji likaamka. Kumbe hakuna hata mmoja aliyedhani ni kweli. Mwanamke mwenye miwani mikubwa alimwendea mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umeigiza vizuri sana," alimwambia. "Hasa pale ulipouliza umekufa lini. Nimeamini kabisa kwamba u hai."

"Ahsante," alisema mzee, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Mama Saizi aliwaacha. Hakumfungua Skafu, waliomfungua walikuwa watu wawili kwa koleo. Alipanda jukwaani tu, akakibandua kile kibao kikubwa ukutani, akakivunja mara mbili juu ya goti, akamfuata mumewe ambaye alikuwa ameshatoka.

Walitembea barabara mbili nzima, Mama Saizi hatua tatu nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa mwali. Kwenye taa za kuvukia mzee alisimama ingawa gari halikuwepo.

"Unajua," alisema bila kugeuka, "na mimi nimekusema. Nimekusema sana. Jikoni nimekusema, chumbani nimekusema, bafuni nimekusema peke yangu. Lakini kazini, miaka yote ile, mafundi wenzangu wakianza kuwasema wake zao, mimi nilikuwa nakwenda kukagua injini."

Mama Saizi alitaka kusema kwamba ule ulikuwa utani. Alitaka kusema kwamba sokoni kila mtu humzika mumewe mara moja kwa wiki ili siku iende. Yote yalikuwa kweli, na akayaona yote ni matambara.

"Pole," alisema. Ilitoka ndogo, kama ya mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. Mzee aliitikia kwa pua. Taa ikabadilika, wakavuka.

Gazeti la Jumatatu lilitoa picha: Skafu ndani ya bati, mdomo wazi, Mama Saizi nyuma yake kashika kamba kama dereva wa farasi. Maandishi yalisema kwamba ni *mazungumzo yasiyo na woga kati ya uhai na chuma*. Maonyesho yakaongezewa wiki tatu, na waliokuja wakaulizia kama yule bibi wa kukaba yupo leo.

"Habari za ujane?" muuza soksi alimpokea asubuhi hiyo, gazeti mkononi. "Leo marehemu kasemaje?"

Wauza mashuka waliinama kwenye ngazi kusikiliza. Jibu lilikuwa hapohapo mdomoni, zuri, la moto, lenye redio na lifti ndani yake, na lingewaangusha wote kwa kicheko. Mama Saizi alilitafuna akalimeza.

"Mume wangu hajambo," alisema. "Soksi zako zimechanganyika. Hiyo ya kijivu na hiyo si ndugu."

Mzee hakusema naye kwa siku nne, isipokuwa mambo ya chumvi na ufunguo. Siku ya tano alitokea sokoni, mara ya kwanza kabisa, amebeba kiti chake cha kukunja. Alikiweka mwisho wa meza, akakaa, akatazama biashara. Hakusema neno kuhusu rangi mpaka saa nne.

"Ungezipanga..." alianza.

"Basi zipange," alisema Mama Saizi.

Akazipanga. Alitumia saa nzima, zikawa zimekaa kama nyaya za mtambo, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, na wateja wakawa hawapati saizi zao hata kwa dawa. Mama Saizi alikunja midomo, akawa anachakura kimyakimya. Kulikuwa na mambo matatu ya kusema kuhusu hilo na yote alikwenda nayo nyumbani, akayasema jikoni, na mzee akamjibu, na wote wawili wakalala vizuri.

Skafu alirudi mwezi uliofuata. Alikuwa na skafu mpya na alitembea kwa tahadhari, kama mtu ambaye mbavu zake bado zinamkumbuka. Maonyesho yanakwenda mji mwingine, alisema. Aliwataka wote wawili, mama na mzee; chumba cha kulala kipo, jukwaa limepanuliwa, na kibao safari hii wangekiandika wao wenyewe, ukweli mtupu.

Mama Saizi alimtazama mumewe. "Unasemaje?"

Muuza soksi aliacha kukunja. Hakuna aliyewahi kumsikia mama huyu akimwomba mtu maoni.

Mzee alifikiri kwa muda wake wote, hakuruka hata dakika moja. "Kijana," alisema, "ile koseti ya bati, umeitengeneza upande mmoja mzito. Niliona ulivyosimama. Ukimwekea mtu uzito upande mmoja, hata kwenye lifti, lazima atapinda. Hujui kazi."

"Na gunia la mabovu?" aliuliza Skafu. "Angalau nichukue gunia."

"Gunia nimelichoma pamoja na taka," alisema Mama Saizi. "Siku hizi mabovu nayachoma mwenyewe. Nenda kwa wauza mashuka, huenda wakakuonea huruma."

Skafu alisimama kidogo, kama anayesubiri makofi ya aina yoyote. Yalipokosekana akapanda ngazi. Walimsikia huko juu akiuliza kama wana mashuka yaliyochanika, na mwenye mashuka akimtajia bei, naye hakubishana.

"Mjinga," alisema Mama Saizi.

"Mjinga," alisema mzee.

Wakakaa. Jua lilikuwa limefika kwenye mguu wa meza. Baadaye mzee akasema angependa chai, na mkewe akamwambia kibanda kiko mkono wa kushoto baada ya mafundi saa, na akienda amletee na yeye, isiyo na sukari. Mzee akainuka, akakung'uta suruali, akaenda.